Fundi Hupaka Anachokikuta: Mafunzo Niliyopata Nyumba Yetu Ilipopakwa Rangi Mara Mbili

Nyumba yetu ya Tabata imepakwa rangi mara mbili tangu tuhamie. Mara ya kwanza ilikuwa Mei 2019, wiki 2 hivi kabla ya Idd. Fundi alimaliza kwa siku 4, tukamsifu. Kabla vuli haijaisha, ukuta wa sebule ulikuwa umevimba kama maandazi. Mara ya pili tulianza Julai 2023, tulipoambiwa kwamba wageni wa mahari ya binti yetu wangefika mwishoni mwa Agosti. Safari hiyo alikuja fundi mwingine. Alikaa siku 11, na siku 5 za mwanzo hakufungua hata kopo moja la rangi.

Nilikuwa naamini kwamba ukishamwita fundi rangi, kazi ni yake. Wewe unalipa, unachemsha chai, unavumilia harufu. Sasa najua kwamba fundi hupaka anachokikuta. Akikuta vumbi, atapaka vumbi. Akikuta kabati halijasogezwa, atapaka mpaka ubavuni mwa kabati, na siku utakayolihamisha utaiona ramani yake ukutani.

1. Ukuta wenye maji hautibiwi kwa rangi

Fundi wa pili hakuja na kitabu cha rangi. Alikuja mikono mitupu, akavua viatu mlangoni, akazunguka nyumba nzima akibandika kiganja ukutani kama mtu anayempima mtoto homa. Kwenye ukuta unaotenganisha sebule na bafu akasimama, akageuza kiganja, akajaribu tena kwa mgongo wa mkono.

"Mama, huu unalia."

Chini pale, kutoka sakafuni hadi usawa wa goti, kulikuwa na unga mweupe. Nilikuwa naufagia kila Jumamosi nikidhani ni lipu mbovu inayojimaliza yenyewe. Aliuchota kwa ukucha, akaniambia kuwa ni chumvi. Maji yakipita ndani ya tofali huyeyusha chumvi zilizomo kwenye saruji na mchanga. Yakifika usoni yanakauka, chumvi inabaki. Ikijikusanya nyuma ya rangi, inaisukuma mpaka ibanduke. Hayo ndiyo yalikuwa maandazi yangu ya 2019. Na mimi, kila fundi wa kwanza alipotajwa, nilikuwa namwita tapeli.

Alinifundisha kipimo ambacho nimeshawafundisha majirani watatu. Unachukua kipande cha nailoni ngumu, ukubwa wa karatasi ya daftari, unakibandika ukutani kwa selotepu pande zote nne, hewa isipite. Unakiacha hadi kesho yake. Matone yakiwa upande wa nje, hiyo ni hewa tu ya chumba. Yakiwa upande wa ndani, ukuta wenyewe unatoa maji. Yetu yalikuwa ndani, manene, mpaka mengine yalikuwa yameshaanza kuteremka.

Basi aliyeanza kazi akawa fundi bomba. Akachimba ukuta kwa tindo upande wa bafu, akakuta kiungio kinachodondosha tone moja moja, pengine tangu siku tulipohamia. Chumba cha mama mkwe wangu kilikuwa na ugonjwa huohuo ila chanzo kilikuwa mimi mwenyewe. Nje ya dirisha lake nilitengeneza bustani ya maua, nikajaza udongo hadi ukapita usawa wa msingi, na kila jioni nikawa naumwagilia maji. Nilikuwa namwagilia chumba cha mama. Udongo ule tuliuondoa kwa toroli siku mbili.

Lipu mpya ilipopigwa, fundi rangi akasema ataonana na sisi baada ya wiki 4. Nilitaka kulia. Alinieleza taratibu kwamba lipu ya saruji inahitaji kama siku 28, kwa sababu ikiwa mbichi ina maji ndani yake, na tena ina ukali unaoiunguza rangi, ikatoka na mabaka. Kama tungemwita wiki ya kwanza ya Agosti badala ya Julai, wageni wangetukuta na ukuta wa kijivu. Anayepanga shughuli ahesabu siku za kukauka kwanza, siku za kupaka baadaye. Na kama ana hiari, achague miezi ya Juni hadi Septemba, mvua zikiwa zimekatika. Kupaka nyumba ya Dar mwezi wa Aprili ni kuanika nguo huku unaliona wingu.

2. Pima kabla ya kwenda dukani

Mwaka 2019 tulikadiria kwa macho. Rangi ikaisha katikati ya sebule, mume wangu akaenda kuchanganyisha kopo jingine kwenye duka lilelile, kwa jina lilelile la rangi. Ilipokauka tukawa na krimu mbili zinazokutana nyuma ya televisheni. Usiku hazionekani. Saa nne asubuhi, jua likiingia dirishani, mpaka ule ulionekana hadi barazani.

Hesabu yenyewe haihitaji shule ndefu. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3, chenye kuta za mita 3 kwenda juu. Mzunguko wake ni mita 14. Zidisha kwa 3, unapata mita za mraba 42. Toa mlango na madirisha, tuseme 5, zinabaki 37. Kuta hupakwa mikono miwili, kwa hiyo ni 74. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini hufunika mita za mraba 10 hivi, na kwenye ukuta wenye mikwaruzo inapungua. Chumba hicho kinataka lita 7 na nusu. Ndoo ya lita 20 inamaliza vyumba viwili vya namna hiyo na kubakiza akiba ya kuficha alama za vidole vya wajukuu. Nunua yote siku moja, na kama ni makopo mawili, mwambie fundi ayachanganye kwenye ndoo moja kubwa kabla ya kuanza.

Jambo jingine: usichague rangi kwenye kikaratasi. Paka kipande chenye ukubwa wa sinia ukutani, ukitazame asubuhi, jioni, na usiku taa ikiwa imewashwa. Kijivu tulichokipenda dukani, chini ya taa zetu nyeupe kiligeuka bluu ya wodini.

3. Khanga haizuii rangi

Hili najua wanawake wenzangu watalikataa. Sote tuna fungu la khanga kuukuu, na wazo la kwanza ni kuzitandika juu ya makochi. Nilifanya hivyo mara ya kwanza. Tone la rangi ya maji likidondokea khanga halikai juu, linapenya. Na kwa kuwa khanga yenyewe ina maua na maandishi, huoni kitu, unakaa juu yake, unalikandamiza ndani ya kitambaa cha kochi. Kochi letu kubwa mpaka leo lina madoa saba ya krimu, nayajua yalipo kama ninavyoijua sura ya mwanangu.

Makochi na vitanda vifunikwe kwa nailoni, ile inayouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Sakafu isifunikwe kwa nailoni. Sakafu yetu ni ya marumaru, na ngazi juu ya nailoni juu ya marumaru ni safari ya hospitali. Tulikusanya maboksi madukani wiki nzima, tukayakunjua, tukayatandaza. Yananyonya matone, na mtu akitembea hatelezi.

Vitu vikusanywe katikati ya chumba, viache mita moja kutoka ukutani pande zote, ngazi ipate pa kusimama. Kabati la vyombo litolewe vyombo vyote. Mimi nilijidai kwamba wanaume wanne wanalisogeza na sahani zake, nikasikia mguu mmoja ukilia *kwaa*. Nyuma yake tulikuta hereni, rimoti iliyotafutwa mwaka mzima, na mjusi aliyekauka kama kaukau.

4. Vito na nyaraka vihamishwe na mwenye navyo

Mwaka 2019 pete yangu ilipotea siku ya tatu ya kazi. Nilikuwa nimeivua nikahamisha vikombe, na nilipoikumbuka haikuwepo. Sikusema neno, lakini nilimtazama saidia fundi, kijana wa miaka kama 19 hivi, kwa jicho ambalo hata mume wangu aliliona. Jioni ile kijana alikunjua mfuko wake wa rambo mbele yangu bila kuombwa. Ndani kulikuwa na shati, ndala, na nusu ya mkate.

Baada ya Idd, nikichota unga wa ngano, pete ikatoka kwenye upawa. Sikuwa na namba ya kijana. Fundi wake nilishamlipa na kumwaga, na kumpigia simu kwa ajili hiyo niliona haya. Sijamwomba radhi hadi leo.

Mara ya pili, kabla fundi hajakanyaga, dhahabu, vyeti, hati ya kiwanja na pasipoti nilivifunga kwenye begi moja nikampelekea dada yangu Segerea. Sikumdhania mtu wizi. Ila katika vurugu ile kitu hakikosi kupotea, na kikipotea, wa kwanza kutazamwa ni yule anayeondoka jioni na mfuko.

5. Njiti ya kiberiti

Funzo dogo, lakini ndilo ninalolipenda kuliko yote. Usiku wa kuamkia kazi tuling'oa fimbo za mapazia, saa, kalenda na picha. Asubuhi saidia fundi akapita na kiberiti, akachomeka njiti moja kwenye kila tundu la skrubu tulilotaka kulitumia tena. Matundu yasiyotakiwa aliyaziba kwa pati. Ukuta ukapakwa, njiti zikiwa zimesimama kama ndevu chache za kijana. Rangi ilipokauka, tulizivuta, kila tundu likabaki mahali pake. Mara ya kwanza hatukulijua hilo, na mume wangu alitoboa upya matundu 16 kwenye ukuta mpya.

Mifuniko ya soketi na swichi ifunguliwe, umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kuu. Kila mfuniko na skrubu zake uingie kwenye mfuko wake wenye jina la chumba. Pangaboi letu hatukulishusha, tulilivisha mifuko ya nailoni panga moja moja, likaonekana kama popo aliyelala.

6. Jikoni paoshwe kama sufuria

Kuta za jikoni zina mafuta usiyoyaona. Rangi ya maji juu ya mafuta hukimbia kama maji kwenye jani la gimbi. Maji ya moto, sabuni ya unga, brashi ya kufulia, kisha suuza mara mbili na uache pakauke siku nzima. Hii si kazi ya fundi, usipokuwa umeelewana naye. Nilimaliza ndoo sita, na ya kwanza ilitoka nyeusi kama chai ya rangi.

7. Vumbi la msasa na watoto wasikutane

Siku 5 zile ambazo hakufungua rangi, fundi alikuwa anakwangua, anaziba nyufa na kupiga msasa. Kwenye mlango wa stoo alichokonoa kwa kisu, akanionyesha tabaka: kahawia yetu, chini yake kijani, chini yake kijani nyingine iliyokolea. Nyumba tuliinunua kwa mtu, na aliyekaa kabla yetu alikuwa na mapenzi yake.

Akaniuliza kama kuna watoto. Rangi za mafuta za zamani, hasa zilizokolea kama njano, nyekundu na kijani, zinaweza kuwa na madini ya risasi. Zikikaa mlangoni bila kubanduka, haziachii vumbi. Zikipigwa msasa mkavu, zinageuka unga, unatua kwenye mikeka, kwenye vidole, kwenye vikombe. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na walio hatarini zaidi ni watoto wadogo, kwa sababu hudhuru ubongo unaokua. Kwa macho huwezi kujua mlango upi unayo. Kwa hiyo milango yote aliilowesha na kuipiga msasa wa maji, akiwa amefunga barakoa, na tope lililotoka alilifuta kwa matambara, akayafunga kwenye mfuko. Sakafu ikadekiwa kila jioni bila kufagiwa kwanza. Kuchoma rangi kuukuu kwa moto ili ibanduke alikataa kabisa, ingawa jirani yangu aliipendekeza njia hiyo kama ndiyo ya haraka.

Kitinda mimba wetu ana pumu. Yeye na wajukuu wawili walikwenda kwa shangazi yao Kigamboni siku zote 11. Walirudi harufu ikiwa imebaki kidogo kwenye milango tu, kwa sababu rangi ya mafuta huchelewa. Ile ya maji mkono wa pili ulipigwa baada ya saa chache, ya mafuta ilisubiri hadi kesho yake.

8. Maji ya kuoshea brashi yana pa kwenda?

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Mara ya kwanza saidia fundi aliosha rola kwenye sinki la jikoni, na mimi nikalipa wa kulizibua. Siku ya pili akahamia uani, mchicha wangu ukawa wa krimu. Sasa hivi fundi akija anakuta ndoo mbili za kazi hiyo: ya kwanza ya kuondoa uzito wa rangi, ya pili ya kusuuza. Mashapo yakituama, maji ya juu yanamwagwa mbali na mboga, na zito la chini linakaushwa kwenye boksi na kutupwa pamoja na takataka. Mafuta ya taa au tina ya kuoshea brashi za rangi ya mafuta hayamwagwi popote. Yanarudishwa kwenye kopo, yanatumika tena.

Na jaza pipa mapema. Mtaa wetu una siku zake za maji, na rola haingoji zamu.

Kuhusu makubaliano nitasema machache tu, maana kila mmoja na mazoea yake. Tuliandika kwenye daftari: vyumba vipi, mikono mingapi, dari imo au haimo, grili zinapakwa upande mmoja au pande zote. Malipo yalikuwa mafungu matatu, la mwisho baada ya kutazama kuta pamoja mchana, mapazia yakiwa hayajarudishwa. Chakula cha mchana hakikuwamo kwenye makubaliano lakini nilipika. Nisingeweza kula wali mbele ya watu walioshika ngazi tangu saa moja.

9. Uliza kabla ya kufuta

Chumba cha mwisho kilikuwa cha mama mkwe. Hakutaka kuhama, hata kwenda chumba cha pili. Tulipofanikiwa kumkalisha barazani na redio yake, fundi akaingia na msasa, na baada ya dakika chache akatoka akaniita kwa sauti ya chini.

"Mama, na hizi namba?"

Kando ya mlango, pale anapochomeka chaja, mama ameandika namba za simu kwa penseli miaka yote aliyokaa nasi. Zimeteremka kama mashairi: bodaboda, duka la dawa, mama wa maziwa, mjomba wa Korogwe, imamu. Nyingine hazina jina, zina alama tu, nyota au msalaba, anazozijua mwenyewe. Nilikuwa nimepita mbele yake mara elfu. Mwaka 2019 chumba hicho hakikupakwa kwa sababu pesa iliisha. Ndiyo maana zilipona.

Fundi alishika msasa, hakuusogeza. Nikachukua daftari, nikakaa juu ya ndoo ya pati, nikaziandika zote, 31. Katikati kulikuwa na moja iliyokolezwa penseli juu ya penseli, pembeni imeandikwa "Mzee". Ni namba ya baba mkwe, aliyefariki 2014. Niliinakili kama zilivyo nyingine, kwa mstari wake.

Mama alipewa daftari jioni ile. Akalipapasa, akasema, "Ahsante, mwanangu," akaliweka chini ya mto.

Mahari ilipita, wageni wakasifu nyumba, hakuna aliyekaa kwenye madoa saba maana nilikuwa nimeyafunika kwa mito. Wiki iliyofuata nilimpelekea mama uji asubuhi. Nilimkuta amesimama kando ya mlango, mkono mmoja ameushikiza kwenye ukuta mpya, mwingine una penseli. Ameanzia juu, palepale. Bodaboda alikuwa ameshamwandika, na duka la dawa. Daftari lilikuwa chini ya mto, halijafunguliwa. Alikuwa anaziandika kwa kichwa.

"Nishikie kikombe," akaniambia, "nisije nikamsahau wa maziwa."